Bundi wa Kilabuni kwa Lightness

Hakuna atakayeamini habari hii. Naisema mapema ili baadaye mtu asije kunivuta shati. Mwanamke wa Rutamba, mwenye akili zake timamu, anayekwenda kanisani na kurudi bila kusengenya zaidi ya watu wawili, aliionea wivu picha. Si picha ya kwenye simu, la. Karatasi ndani ya kioo, yenye walevi wa Uholanzi waliokufa zamani hizo, mpaka makaburi yao nayo yamekufa. Na wivu wenyewe si ule wa kununa kidogo ukala ukasahau. Wivu wa kuunguza mboga.

Mwanamke huyo ni Stefania, au Mama Anjelina kama unataka akuitikie. Alizaliwa juu kule uwanda wa Makonde, upande wa Newala, ambako maji yalikuwa mbali kuliko mbinguni, ndiyo maana hadi leo akijitwika ndoo tone halimwagiki, hata akiwa anagombana. Na kugombana anakuweza. Ni mfupi, mweusi wa kung'aa, na hutembea kama mtu aliyenong'onezwa kwamba kuna mwenzake anataka kumpita. Mumewe ni Kornelio, mchonga vinyago, mtu mrefu mwenye maneno machache. Neno likimtoka leo, la pili lisubiri kesho.

Kwetu mwanamke akiwa na shauri la ndoa halipeleki kwa baba, hulipeleka kwa mjomba. Mjomba wa Stefania yupo, nyumba ya pili tu, mtu wa busara na sura ya kupendeza, aliyesoma hadi darasa la sita, la saba akawaachia wengine nao wapate. Jina lake tuliweke kando. Wakubwa hawajitaji.

Kazi iliyompa Stefania jina ni uraka, pombe ya mabibo. Msimu wa korosho ukifika na mabibo yakaanza kudondoka, kila mwenye mikono anajiita mkamuaji. Lakini uko uraka na uko uraka. Bibo lililolala chini usiku kucha halipiti mlangoni kwa Stefania. Anayataka ya alfajiri, yenye umande, yasiyochubuka. Anayaponda ndani ya gogo lililochimbwa, anayakamua, anayachuja kwa kitambaa cheupe kama cha altare, kisha anayafunika na kuyaacha peke yake yatafakari. Ukinywa uraka wake unaimba, unarudi nyumbani kwa miguu yako, na kesho kichwa hakikudai chochote. Ukinywa wa wengine, mwite fundi akufungue utosi.

Sasa sikia kichekesho. Anayewanywesha wanaume wa Rutamba alimkataza wa kwake. Kornelio alikuwa mlevi wa kusifiwa, mpaka msimu mmoja alipolala usingizi ndani ya lile gogo, juu ya makapi ya mabibo, na nyuki wakaja kula makapi wakamkuta yeye. Alipopona uvimbe aliapa kanisani kwamba hatagusa pombe tena, na Stefania akakitunza kiapo kile kama hati ya shamba. Jirani yao Zuwena, anayekaanga maandazi, ambaye pombe hajawahi kuionja ila habari za walevi anazo zote, alikuwa akimtania: "Shoga, wako umemziba mdomo, waume za wenzio umewafungulia bomba!"

"Wa wenzangu wana wake zao," Stefania alijibu. "Nao wana mikono ya kuzibia."

Mambo yalikwenda hivyo kwa raha, mpaka Lightness aliporudi kijijini.

Lightness alikuwa mpishi mjini Lindi, nyumbani kwa mama mmoja wa Kiholanzi aliyekuja na mumewe kwa mambo ya uhandisi. Nasema Mholanzi, si Mdachi. Mdachi ni Mjerumani, yule wa zama za babu zetu. Mjomba wa Stefania hachanganyi mataifa. Wazungu wale walipomaliza kazi waligawa vyombo. Mlinzi alipata jokofu, mtunza bustani akapata baiskeli, na Lightness akapata picha. Aliisikitikia njia nzima kutoka Lindi. Alipofika akafungua kilabu chake cha uraka kule ng'ambo ya bonde, mabenchi mawili na paa la makuti, na kwa kuwa ukuta ulikuwa mtupu akaitundika.

Picha gani ile! Nyeusi na nyeupe, mistari myembamba kama nywele za paka, imechapwa kutoka bamba la shaba jinsi walivyokuwa wakifanya wazee wao. Ndani yake ni nyumba ya karamu. Mwanamume mnene ameketi, suruali imelegea, mguu mmoja ameutupa mapajani mwa mwenzake. Mwanamke wa kifua wazi anammiminia kutoka kwenye jagi, na huku anamimina huku amemwekea mkono begani. Mtoto anavuta kiko. Mwingine anatapika dirishani. Mbwa amezamisha kichwa kwenye chungu cha mboga. Jagi jingine limepinduka, na hakuna mwenye habari nalo.

Walevi walipoiona waliinuka kwenye mabenchi kwa furaha. Hawakuwahi kumwona Mzungu akitapika.

"Hawa ndio watu!" alisema Fidelis, mpulizia dawa ya mikorosho, mnywaji wa mstari wa mbele. "Wamezaliwa wakajua maisha. Huyu mnene ni mwenyekiti mtupu. Na huyu wa dirishani ni wewe, juzi."

Wakawapa majina wote. Wakawa hawaendi tena kwa Stefania, wanakwenda "Uholanzi". Mtu akimwuliza mwenzake utashinda wapi leo, anajibiwa, "Nasafiri ng'ambo." Uraka wa Lightness ulikuwa mchachu wa kukunja uso, lakini nani anaonja akiwa safarini?

Wateja kupungua kulimuuma Stefania, ila kulimuuma mahali pa juu juu, kama mwiba wa kuchomoa kwa kucha. Mwiba wa ndani ulikuja baadaye. Kornelio naye akaanza kusafiri.

Kornelio! Mwenye kiapo! Kila alasiri anafunga mkoba wake wa patasi, anavuka bonde, jua likikaribia kuzama anarudi. Stefania alimvizia mlangoni.

"Umetoka wapi, Baba Anjelina?"

"Kwa Lightness."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia picha."

Ona mwanamume! Angedanganya hata kidogo, angesema alikwenda kutafuta mbao, mke angepata pa kumshikia. Alisema ukweli mtupu, na ukweli ule ulikuwa hauaminiki kuliko uongo wowote. Stefania akalinusa lile shati. Pombe hakuna. Manukato hakuna. Harufu ya mbao tu, kama siku zote. Ingekuwa pombe angejua la kufanya, angemwita paroko. Akakaa na shati mkononi akiwaza: mwanamume asiyekunywa akienda kilabuni kila siku, anakunywa nini?

Alimpelekea Zuwena swali hilo. Zuwena akageuza andazi kwenye mafuta kwanza, maana swali kama hilo halijibiwi haraka.

"Lightness ni mtu wa kujipaka mafuta mwilini," alisema. "Na ule weupe wa mjini bado haujamtoka."

"Sikukuuliza rangi yake."

"Umeniuliza anakunywa nini. Nakujibu."

Kuanzia hapo Stefania hakulala vizuri wala hakukamua vizuri. Aliacha mabibo yakapitwa na saa. Aliunguza kisamvu. Akiona mwanamke yeyote amebeba jagi anamtazama mkono wake mwingine uko wapi. Alianza kujipaka mafuta mpaka anateleza, akavaa kanga mpya hata akiosha vyombo. Kornelio hakuona hata moja. Alikuwa akirudi macho yakiwa mbali, anakula, anachora chora kwa kidole kwenye majivu, anafuta. Anachora nini? Bega. Stefania aliliona bega kwa macho yake kabla halijafutwa. Bega la mwanamke!

Mjomba wake alimwambia, kwa sauti ile ya hekima anayojulikana nayo, "Mwanangu, vumilia." Stefania akamjibu kwamba uvumilivu upelekwe kwa walioishiwa. Siku ya pili yake, mchana kweupe, akajifunga kanga mbili kiunoni, akavuka bonde.

Kilabu kilikuwa kimejaa. Fidelis alikuwa juu ya benchi akihutubia "bunge la Uholanzi". Stefania aliingia, na shingo zote zikamgeukia. Kornelio hakuwemo ndani, na hilo likawa baya zaidi, kwa sababu mkoba wake ulikuwemo, umening'inia msumarini karibu na mlango wa uani, kama mkoba wa mwenye nyumba.

"Karibu, Mama Anjelina," alisema Lightness. Jagi lilikuwa mkononi mwake. "Nikumiminie?"

"Mimi?" Stefania akacheka kicheko kisicho na meno. "Mamba anamiminiwa maji? Nimekuja kuangalia picha. Nasikia wanaume wanakufa kwa ajili yake, nami nione kaburi lenyewe."

Akaisogelea. Akamwona mwanamke mwenye jagi. Akaliona bega, na mkono juu ya bega. Akamtazama Lightness, akaitazama picha, akamtazama Lightness. Wenye macho yao wanasema hawakufanana hata sikio, lakini siku hiyo Stefania aliona mapacha. Hasira ikampanda kutoka miguuni. Akainua macho juu ili machozi yasidondoke mbele ya walevi, na ndipo alipokiona kile ambacho wanaume wa Rutamba, kwa kukodolea kifua cha mwanamke yule, hawakuwahi kukiona. Kule juu kabisa, gizani, kwenye boriti juu ya mlango wa karamu, amekaa bundi.

Bundi mzima. Amevaa miwani. Na kando yake mshumaa unawaka.

Hapa anayetoka mbali nimweleze, ingawa mtoto wa Rutamba hahitaji. Bundi kwetu si ndege wa kuchezewa. Akilia juu ya paa, watu huanza kuulizana hali za wagonjwa. Bundi mwenye miwani, aliyewashiwa mshumaa, na kuwekwa mahali watu wanapovutwa kila siku bila kujua wanavutwa na nini? Si picha hiyo. Ni dawa.

"Bundi!" Stefania alipiga kelele. "Mmekalishwa chini ya bundi! Tazameni juu ya mlango, enyi wajinga, mmewashiwa na mshumaa!"

Fidelis alitazama. Akashuka kwenye benchi taratibu, akaliweka kopo lake chini kama mtu anayeweka yai. Kisha akatoka mbio, na nyuma yake Uholanzi nzima. Kilichobaki ni makopo, ndala tatu zisizo na wenzao, na Lightness na jagi lake.

Kesho yake habari zilikuwa zimefika Lindi mjini. Lightness mchawi. Lightness ana bundi wa miwani anayesoma majina ya watu. Uraka wake ukaoza mitungini, hata nyuki waliupita mbali. Na wateja? Walirudi uani kwa Stefania, mmoja mmoja, wakijifanya hawakuwahi kuondoka. Stefania aliwamiminia bila tabasamu. Alikuwa ameshinda, na ushindi ulikuwa mchungu kama bibo bichi, kwa sababu Kornelio, hata baada ya yote yale, alifunga mkoba wake alasiri, akavuka bonde.

Siku chache hazijapita, Lightness akatokea mwenyewe. Aliingia uani kwa Stefania, walevi wamekaa, picha ameibeba kwapani kwenye kanga. Hakwenda kwa Stefania. Alikwenda moja kwa moja kwa mjomba, aliyekuwa ameketi hapo uani, akapiga goti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja na shauri. Mwanao ameniita mchawi mbele za watu. Nataka anionyeshe uchawi wangu, au anisafishe."

Akaifunua picha. Walevi wote wakarudi nyuma na mabenchi yao. Mjomba peke yake hakutikisika; waliosema alishika rozari walikuwa mbali, hawakuona vizuri.

"Mama Mholanzi alinieleza," Lightness alisema. "Kwao zamani walikuwa wakichora hivi ili kuonya watu. Ni mahubiri. Huyu mnene ni mtu anayekula na kunywa asijue kutosha. Jagi lililopinduka ni nyumba yake. Mtoto anavuta kiko kwa sababu ndicho anachokiona kwa wakubwa. Mbwa anakula mboga kwa sababu mama mwenye nyumba yuko kwenye jagi. Na bundi ni mlevi mwenyewe. Ana miwani, ana mshumaa, na bado haoni. Mtu asiyetaka kuona, hata umwashie taa ya gari, haoni."

 Kisha Fidelis akasimama, amekasirika kweli.

"Yaani muda wote ule," alisema, "tulikuwa tunahubiriwa?"

"Ndiyo."

"Na uraka wako mchachu, na mahubiri juu yake? Dada, si ungetuambia tukaenda kanisani, kule bure!"

Watu wakacheka mpaka wakaegemeana, na kicheko kile ndicho kilichomsafisha Lightness kuliko hukumu yoyote. Ila Stefania hakucheka. Kwake shauri la bundi halikuwa na uzito wa nyoya la bundi. Akaweka ndoo chini.

"Nimesikia," alisema. "Uchawi nimeufuta, mbele ya mjomba. Sasa na mimi nijibiwe. Mume wangu hanywi. Ulikuwa ukimnywesha nini?"

Lightness akamgeukia Kornelio, aliyekuwa amesimama penye ua kama nguzo iliyosahauliwa. "Baba Anjelina, mimi nimechoka kukufichia. Mwonyeshe mkeo."

Wakavuka bonde wote, Stefania mbele. Nyuma ya kilabu kile kulikuwa na kibanda cha kuni. Kornelio akavuta magunia. Chini yake ulilazwa ubao wa mninga, mpana kama mlango, na juu ya ubao ile karamu ilikuwa imechongwa upya. Yule mama Mholanzi alikuwa amempigia simu Lightness akiomba: nitafutie fundi anichongee picha ile, lakini kwa watu wa kwenu. Basi watu wa kwetu ndio waliokuwemo. Mnene ni Fidelis, na suruali yake ile ile. Wa dirishani anajijua. Mwanamke mwenye jagi ni Lightness, hakuna ubishi, hadi kishimo cha shavuni.

"Sasa la kunificha ni lipi?" Stefania aliuliza. "Mchongaji achonge. Nimewahi kukukataza kuchonga?"

 Kornelio alikuwa akitazama sehemu ya juu ya ubao. Stefania akafuata macho yake hadi kwenye boriti. Bundi alikuwa pale, miwani yake, mshumaa wake. Na uso wa bundi, wapendwa, ulikuwa uso wa Stefania. Mdomo ule ule uliobanwa. Shingo ile ile iliyoinama kidogo upande mmoja, ya mtu anayekuuliza umetoka wapi huku jibu analo.

Hata Zuwena, aliyekuja kwa ajili ya kuona tu, alifunika mdomo.

"Nilianza na bundi," Kornelio alisema, na hiyo ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa. "Nilitaka uso unaotazama kila kitu na hauamini hata kimoja. Patasi ikaenda yenyewe. Nilipoona ni wewe, nikashindwa kukuonyesha. Nikashindwa na kukufuta."

Stefania akauinamia ubao. Alipitisha kidole juu ya nyuso, moja baada ya nyingine, kama anayechagua mabibo. Kila mtu alijua anatafuta nini.

"Mkono wa huyu uko kwenye bega la nani?"

"La Fidelis."

"Na wewe uko wapi humu?"

Kornelio akaonyesha pembeni kabisa. Palikuwa na mwanamume mrefu ameketi chini, kopo amelifunika gotini. Wote kwenye karamu walikuwa wakitazama jagi. Yeye peke yake alikuwa ameinua uso, anamtazama bundi.

 Watu wakasubiri Stefania alie au apige. Akajifunga kanga upya.

"Mtoe huyu," akasema, kidole kwenye uso wa Lightness. "Mimi nina ugomvi na uongo. Uraka wa Rutamba humiminwa na mimi. Niweke mimi hapo."

"Basi bundi nimbadilishe?"

"Nani kasema? Bundi mwache. Nitawamiminia, na nitawatazama."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kornelio alichukua patasi, akaupunguza uso wa Lightness mpaka ukawa wa mkewe, bega la Fidelis akaliondolea mkono, na kazi yote akaimalizia uani kwake, mchana, watu wakipita wakiona. Lightness aliacha uraka, sasa anauza chipsi penye stendi, na picha ya Uholanzi ameigeuzia ukutani. Stefania hivi sasa yuko hapa anachuja, na anasomewa habari yake hii yote neno kwa neno, na mpaka hapa hajapinga hata moja, maana ni ukweli mtupu. Ila wengi hawajui jambo la mwisho, kwamba yule mbwa aliyezamisha kichwa kwenye chungu, ukimtazama vizuri, ana hereni mbili za Lightness masikioni, na siku ubao unapakiwa kwenye gari kwenda Lindi, watu wamejipanga barabara nzima mpaka Kiswere, mbwa yule akatoa kichwa chunguni, akageuza shingo, akamtazama Stefania, aka—

"Mjomba! Acha hapo hapo. Gari lilipakiwa na watu wanne, mmoja wao wewe, na hukubeba kitu. Na mbwa hana hereni. Nilimwambia Baba Anjelina aziweke, akakataa."